Jani la Mgomba Ndani ya Plasta

Mume wangu Ackson ndiye mtu pekee hapa Mpuguso anayeweza kukueleza tofauti ya samaki mkubwa na mtambaazi wa baharini wa kale, na atakueleza hata kama hujamuuliza. Msibani, kwenye ubatizo, kwenye foleni ya kupima majani ya chai. "Yule hakuwa samaki," anaanza. "Alikuwa anapanda juu kuvuta hewa kama mimi na wewe. Shingo ndefu, makasia manne badala ya miguu. Na msimwite dinosaria, huyo ni mwingine." Watu wanamwita Mzee Mifupa, naye anafurahi. Mimi nilishachoka siku nyingi.

Kazi yenyewe aliipata kwa bahati. Dokta Lulu, mtaalamu wa miamba, alikuja huku kwetu kuangalia majivu ya zamani ya volkano, akamkodi Ackson ambebee mizigo. Akaona mikono yake haina papara, akamchukua mpaka Lindi kuchimba mifupa iliyogeuka mawe. Kila kiangazi akawa anaondoka miezi miwili, mimi nabaki na migomba, chai na watoto watatu. Akirudi ananiletea korosho kutoka kwa Nurdin, fundi wa huko aliyekuwa akikoroga plasta. Nurdin sikuwahi kumwona kwa macho, lakini kwenye simu alikuwa ananiita shemeji, na siku Tulia wetu alipolazwa, yeye ndiye aliyepiga kila asubuhi kuuliza hali.

Mwaka 2011 wakalipata fuvu. Mbavu na shingo walikuwa nazo tayari, ila mnyama wa namna ile hapewi jina kwa mbavu. Wataalamu wanataka meno, taya na kaakaa, ndipo waseme huyu ni wa ukoo fulani au ni mgeni kabisa. Dokta Lulu aliamini ni mgeni.

Sasa, fuvu kama lile halinyanyuliwi hivi hivi. Linafunikwa kwanza karatasi laini iliyoloweshwa, halafu vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, kama hospitali wanavyofunga mguu uliovunjika. Siku hiyo karatasi ziliisha. Dokta alikuwa ameshuka mjini kuzifuata, na mvua isiyo ya msimu ikawa inakuja. Mnyakyusa akikosa cha kufungia kitu anafanya nini? Anakata jani la mgomba. Sisi tumefunga vyakula kwa majani tangu tumezaliwa. Ackson akalibabua jani motoni likalainika, akalifunika fuvu vizuri kabisa, akaweka gunia juu. Nurdin alikuwa ameinamia beseni lake pembeni, hakuona kitu.

Jani bichi likikauka linasinyaa, hilo hata mtoto wa hapa analijua. Ndani ya plasta pakabaki uwazi, na gari likalitikisa fuvu kutoka Lindi mpaka Dar es Salaam. Mwaka uliofuata aliyepewa kulifungua ni Ackson mwenyewe, asubuhi, peke yake stoo. Akakuta kaakaa limekuwa unga na meno yamebaki chenga. Jani lilikuwa humo, kavu, jeusi. Akalitia mfukoni. Dokta alipoingia na kuuliza kumetokea nini, akamjibu kwamba plasta ilikuwa nyepesi.

Nurdin akaulizwa. Akasema alipima sawasawa. Msimu uliofuata hakuitwa, wala misimu mingine yote. Ackson aliendelea kuitwa mpaka magoti yalipomshinda.

Mimi haya nimeyajua mwaka huu, mwezi wa sita, kilipofika kitabu cha Dokta Lulu kwa basi pale Tukuyu. Ameandika kwa Kiswahili ili hata sisi tusome. Macho ya Ackson hayaoni vizuri, kwa hiyo nikamsomea mimi. Nikafika pale paliposema mnyama huyu hakupewa jina kwa sababu fuvu liliharibiwa na plasta iliyokorogwa vibaya. Chini yake kulikuwa na shukrani kwa Ackson wa Mpuguso, mwenye mikono miaminifu. Nilisoma kwa sauti kubwa, najivuna. Nikageuka, kiti kitupu.

Nilimkuta migombani nyuma ya jiko, amekaa chini. Akanisimulia yote bila kuniangalia.

"Baba Tulia, miaka kumi na mitatu?"

"Niliona haya, mama."

"Na Nurdin yeye aliona nini?"

Nilimkasirikia sana. Korosho za yule mtu nimekula mimi, nikalisha na wanangu. Nikamwambia chakula cha jioni sipiki mpaka apige simu. Namba ya zamani ya Nurdin ilikuwa haipatikani tena, kwa hiyo ya nyumbani kwake tukapewa na Dokta Lulu, ambaye Ackson alianza kukiri kwake. Dokta akasema tu, "Mpigie Nurdin."

Akapokea binti. "Mimi ni Shamsia, mwanawe. Baba alifariki mwaka juzi."

Ackson akanisogezea simu. Sikuipokea.

"Wewe ndiye Ackson wa Tukuyu?" binti akauliza. "Baba alikuwa anakutaja sana. Alikuwa anasema, Ackson angekuwepo siku ile waliponihoji, angenitetea."

Hapo nilidhani Ackson atakata simu. Hakukata. Akamwambia kuhusu jani, na kwamba siku ile Nurdin alipohojiwa yeye alikuwepo, amesimama nyuma ya mlango akisikia. Habari ya mlango huo hata mimi alikuwa hajaniambia.

Binti akasema, "Subiri, mzee wangu. Naweka spika, mama yupo hapa. Rudia."

Akarudia yote. Mwisho tukasikia sauti ya mama mtu mzima: "Kwa hiyo mume wangu alipima sawasawa?"

"Alipima sawasawa, shemeji."

Akauliza tena, kama hakusikia, na Ackson akamjibu tena.