Kompyuta Iliyozimwa kwa Ajili ya Adhana

Enzi zetu kitu hakikuja kikiwa tayari. Mpira uliusokota mwenyewe kwa nailoni na kamba, ndipo ukacheza. Betri za redio zikiisha nguvu zilianikwa juu ya bati pamoja na muhogo, na jioni redio ilipata sauti ya kutosha matangazo ya vifo, kisha ikanyamaza. Darasa la kwanza uliingia siku mkono wako ulipoweza kupita juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Mkono wangu ulichelewa, hivyo nikafika la saba nikiwa na dalili za ndevu. Alhamdulillahi, elimu niliipata, na ndevu nazo zilikuja.

Mliokulia Nachingwea na Ruangwa miaka ile mnajua ninachosema. Tulikula ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, chakula kinachotaka umenye kimoja kimoja, kwa hiyo hata njaa ilibidi ijifunze adabu. Msimu wa korosho mashati ya shule yaliingia madoa ya mabibo. Shati langu la darasa la sita sijui liliishia wapi, lakini nina hakika madoa bado yapo. Walimu walituandikia ubaoni kwamba subira yavuta heri. Bibi yangu hakuwahi kutuambia msemo huo. Yeye alikaa tu, ukamwona.

Vijana wa leo wakitaka programu kwenye simu hubonyeza mara moja. Kiduara kikizunguka kidogo, wananuna na kusema mtandao mbovu. Siwalaumu. Nami nisingejua kusubiri kama nisingeiona programu ya kwanza ikisakinishwa mbele ya macho yangu, siku ambayo Bibi Mwanaisha, mzaa mama yangu, alitaka kujua kama dada yake yu hai.

Bibi alikuwa Mmakua. Alivuka Ruvuma akiwa msichana, wakati wa vita, akamwacha ng'ambo dada yake mkubwa, Atija. Miaka ikapita bila habari, hadi mtu akaleta neno kwamba kijiji chao kilichomwa na hakusalia mtu. Bibi akasoma hitima pale nyumbani kwetu Mtua, ukapikwa wali, watu wakala. Kwa upande wa wali jambo likaisha. Kwa upande wa Bibi halikuisha.

Halafu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mimi nikiwa nimemaliza la saba, Mjomba Rashidi, mwanawe Bibi aliyekuwa akinunua ufuta Mbekenyera, alivuka kwenda Msumbiji kibiashara. Akarudi na sidii iliyoviringishwa katika kipande cha kanga.

"Mama, nimemkuta Mama Mkubwa Atija. Yupo. Kijana mmoja wa misheni ya kule amemrekodi kwa kompyuta yake. Sauti imo humu."

Bibi akaigeuza sidii upande huu na upande huu.

"Wewe umezaliwa huku. Atija umemjulia wapi?"

"Amesema mwenyewe ndiye."

"Akina Atija kule ni wengi kuliko mikorosho. Mimi dada yangu nimekwisha kumsomea hitima. Siwezi kuitengua kwa maneno ya muuza ufuta."

Mjomba alikuwa anaondoka tena na lori kesho yake alfajiri kurudi mpakani. Kama sauti ile ni ya dada yake, Bibi angepanda lori. Kama siyo, yule mama wa watu apelekewe salamu za heshima na aambiwe akawatafute ndugu zake mahali pengine. Kwa hiyo ilikuwa lazima asikie siku ile ile. Mjomba alimpandisha Bibi nyuma ya baiskeli, mimi nikafuata kwa miguu nikikimbia pale wanapoteremka na kuwapita pale wanapopanda, tukaingia Nachingwea mjini asubuhi.

Mwenye banda la video aliiweka sidii kwenye deki yake, ikatemwa. Ndipo tukaelekezwa chuo cha ufundi, ambako wafadhili walikuwa wameleta kompyuta chache zilizochoka kidogo. Mjomba akatuacha hapo akaenda kushughulikia magunia yake. Mwalimu wa kompyuta aliitwa Benedikto, Mkristo wa Ruangwa, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliichomeka sidii, akatazama kioo, akakuna shingo.

"Bibi, sauti imo. Ila imefungashwa kwa namna ambayo kompyuta hii haijafundishwa kuifungua."

"Basi ifundishe, mwanangu. Mimi nina siku nzima."

"Mimi pia ninayo. Jenereta ndiyo haina. Dizeli iliyopo itafika alasiri, ikijitahidi."

"Haya, na tujitahidi wote."

Mwalimu alikuwa na sidii yake aliyorudi nayo kutoka masomoni Dar es Salaam. Ndani yake ilikuwamo programu ya kufungulia sauti za namna ile, lakini haikuwa programu iliyokamilika. Ulikuwa msimbo, yaani maandishi yaliyoandikwa na watu, ambayo lazima kompyuta yenyewe iyageuze kuwa kitu inachoweza kukiendesha. Nilipomuuliza tofauti, alinijibu hivi: "Programu iliyo tayari ni ugali wa hotelini. Hii ni mahindi. Tunakoboa, tunasaga, tunasonga, tena kwa jiko letu wenyewe."

Nikaelewa. Nikaelewa pia kwa nini aliuliza kama tumekuja na chakula.

Aliandika amri, kioo cheusi kikaanza kuteremsha mistari myeupe. Kwa kuwa alitakiwa kutoka mara kwa mara kuitazama jenereta, aliniambia nikae nisome kwa sauti kila mstari, ili akiwa nje dirishani asikie kukitokea neno baya. Kiingereza sikukijua. Lakini madrasa nilikuwa nimesoma Kiarabu miaka mingi bila kujua maana, kwa hiyo jambo hilo halikunisumbua. Nikakaa vizuri, nikaanza.

"Usighani," Mwalimu akasema kutoka dirishani.

"Sighani, Mwalimu. Nasoma."

"Unavuta herufi za mwisho."

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, tasbihi mkononi. "Inasema nini hiyo?" akauliza.

"Bado haijaanza kazi, Bibi," Mwalimu akamjibu. "Inauliza kwanza. Chombo fulani kipo? Kipo. Kingine kipo? Kipo. Inapita hivyo mpaka iridhike."

"Inajulia hali nyumba nzima kabla ya kusema shida yake?"

"Ndivyo."

"Ina adabu," Bibi akasema, akaendelea na tasbihi.

Baada ya kujulia hali huko, ikagoma. Kumbe ilihitaji programu nyingine ndogo itangulie, nayo ipikwe kivyake. Mwalimu akaipata kwenye ile ile sidii yake, akaipika, akaisakinisha, akarudi kwenye ile kubwa. Safari hii ikaridhika, ikaanza kazi yenyewe. Mashine ikavuma. Mistari ikawa mirefu, na mimi koo likakauka. Bibi akanimenyea mng'oko.

Sasa, nyumbani kwetu adhana ikianza, redio huzimwa. Haijalishi ni kipindi gani. Mpira ukiwa unaelekea golini, utaupata golini baadaye. Bibi hakuwa na mjadala katika hilo, na hata leo mimi sina. Muda wa adhuhuri ulipokaribia nilikuwa nimetoka kwenda bombani kutia udhu, na Mwalimu alikuwa nje anamimina dizeli. Bibi akabaki peke yake na ile mashine inayovuma. Muadhini wa msikiti wa ng'ambo ya barabara akaanza.

Bibi akainuka, akaweka kanga sawa kichwani, akatafuta kitufe kikubwa kuliko vyote, akakibonyeza. Haikuzima. Akakikazia kidole bila kuachia, jinsi alivyokuwa akiizima redio yetu, ambayo nayo ilikuwa mbishi. Ikazima. Akarudi kitini, akawa anamwitikia muadhini.

Mwalimu Benedikto aliingia, akatazama kioo. Nami niliingia nyuma yake mikono ikidondosha maji.

"Bibi," akasema taratibu, "nani ameizima?"

"Mimi. Wewe hukusikia adhana?"

Mwalimu alikuwa amekulia kati ya Waislamu.

"Nimeisikia, Bibi."

"Haya basi. Na wewe kasali kwa namna yenu, tuje tuendelee."

Akatoka, akasimama karibu na jenereta kwa muda. Sijui kama alisali. Alirudi akiwa mtulivu, kwa hiyo nadhani alisali. Akavuta kiti karibu na Bibi, akamweleza kwamba ile kazi ilikuwa katikati, na kwamba kuizima mashine ni kuikata kazi.

Tasbihi ikasimama.

"Nimemzima?" akauliza. "Mwanangu, nimemzima dada yangu?"

"Hapana, Bibi. Yeye yuko kwenye sidii, hajaguswa. Tuone tu kilichobaki kwenye jiko."

Mimi na Bibi tukaswali, tukarudi. Kompyuta ilipowashwa ilianza kujikagua kwanza, na haikuwa na haraka. Mwalimu akaandika amri yake tena, na mimi nikajiandaa kusoma tangu mwanzo. Lakini haikuanza mwanzo. Ilitazama yaliyokwisha kufanyika, ikayaacha kama yalivyo, ikashika yaliyobaki. Ilikwama pale tu ilipokatizwa, kwenye kipande kilichoiva nusu. Mwalimu akakifuta, kikapikwa upya, ikaendelea.

"Bibi," nikamwambia, "ni sawa na kulipa funga. Unalipa siku ulizokula tu, si mwezi mzima."

Bibi akafikiri. "Walioitengeneza ni watu wa dini," akasema. Tasbihi ikaanza kutembea tena.

Jenereta ilikuwa imeanza kukohoa Mwalimu alipoandika amri ya mwisho, ile ya kusakinisha. Akaongeza sauti ya spika. Ikasikika mikwaruzo, kuku, halafu mwanamke mzee akisema Kimakua kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Alitoa salamu moja. Kisha kimya.

Mwalimu akapeleka mkono kwenye vitufe, akidhani imeharibika. Bibi akamshika mkono. Akakielekea kile kioo, akaitikia salamu, kwa ukamilifu, bila haraka. Alipomaliza tu, sauti ikauliza la pili. Kimya tena. Bibi akaitikia. Hakuna aliyemwambia yule mama kwamba mashine haijibu, kwa hiyo alikuwa amesalimu namna mtu anavyosalimu, akamwachia mwenzake nafasi. Na nafasi ile ilimtosha Bibi barabara, kila mara.

Swali la tatu lilipokuja, Bibi hakujibu papo hapo. Aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea mapajani.

"Ameuliza kisima," akatuambia kwa Kiswahili. "Kila nyumba kule huuliza watoto kwanza. Mama yetu peke yake alitufundisha kuuliza kisima kabla ya watoto, maana watoto hawawi wazima bila maji. Ni yeye."

Akageukia kioo, akamjibu dada yake kwamba kisima kina maji. Mtua hatukuwa na kisima. Tulichota bombani, tena mbali.

Jenereta ikazima hapo hapo. Mwalimu akaomba radhi, akasema ujumbe ulikuwa bado mrefu. Bibi akamwambia asijali, yaliyobaki ataambiwa kwa mdomo. Alfajiri yake alipanda lori la Mjomba, mbele pamoja na dereva, amebeba ming'oko. Walikaa pamoja msimu mzima wa mvua, yeye na dada yake. Kabla ya kuondoka Mtua alikuwa amemuuliza shehe kuhusu ile hitima iliyosomwa mapema. Shehe alisema haipotei, itamsubiri mwenyewe. Sasa kila mmoja hitima yake imemfikia, Mwenyezi Mungu awarehemu.

Leo sauti inafika kabla hujamaliza kukohoa, nami namshukuru Mungu kwa hilo, sioni ubaya. Binti yangu anafanya kazi Dar es Salaam, na kila Ijumaa namtumia ujumbe wa sauti. Nimeona vijana wakizisikiliza sauti za wazee wao kwa mwendo wa mara mbili, mzee anazungumza upesi utadhani ameiba. Binti yangu ana huruma, hanikimbizi. Ila juzi amenipigia kwa wasiwasi.

"Baba, peleka simu kwa fundi. Ujumbe wako kila mara unakatika, unakuwa kimya, halafu unarudi."

Simu ni nzima. Pale huwa nimeuliza kisima.