Swali la Anyesi kwa Hakimu

Wakulima wa zabibu pembezoni mwa Dodoma walimjua Anyesi kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alizaliwa Mlali, kwa wazazi waliolima alizeti, akasomea uandishi wa habari, kisha akaajiriwa na redio ndogo mjini. Alisoma salamu za asubuhi, bei za mnadani, na habari za mahakamani ambazo wenzake walizikwepa.

"Anyesi, hebu tutangazie na mvua!" walimtania sokoni.

"Mvua imekataa mahojiano," naye akawajibu.

Siku moja alifuatwa na mjane, Mama Mwantum. Shamba la zabibu la marehemu mumewe, mzee Matonya, lilikuwa limeamriwa na mahakama liende kwa shemeji yake. Lakini msimu wa mavuno ulipofika, aliyeonekana akisimamia wavunaji hakuwa shemeji. Alikuwa mke wa hakimu aliyetoa hukumu.

Anyesi hakukurupuka. Alikwenda mwenyewe shambani, akaona. Akazungumza na Generosa, karani wa mahakama ile.

"Shemeji mtu alikuwa akiingia kwa hakimu na kufungiwa mlango kabla ya hukumu," Generosa alimwambia. "Ila jina langu lisitoke, mdogo wangu. Nina watoto."

Katika redio yao habari haikuwahi kwenda hewani bila upande wa pili kuulizwa. Anyesi alipomweleza Mama Mwantum kwamba anakwenda kumwona hakimu, mjane yule aliangua kicheko.

"Mwanangu, hakimu haulizwi. Hakimu ndiye anayeuliza!"

"Ndiyo kazi yetu ilivyo, mama."

Akaenda mchana kweupe, akapita mlango wa mbele, kinasa sauti kikiwa mkononi.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Sema, binti."

"Shamba la marehemu Matonya sasa linavunwa na mkeo. Unasemaje?"

Hakimu akatabasamu. "Swali zuri. Kesho utapata jibu."

Anyesi alitoka akiwa na furaha ya mtu aliyetimiza wajibu. Kesho yake jibu lilikuja: askari wawili, langoni mwa redio. Habari yenyewe ilikuwa bado haijasomwa.

Baada ya kulala mahabusu, alifikishwa katika mahakama ile ile, mbele ya hakimu mwingine. Wakili wa Serikali akasoma shtaka: mshtakiwa aliingia ofisini kwa hakimu na kumtisha kwa maneno. Kisha akayasoma maneno yenyewe. Lilikuwa swali lake, neno kwa neno, isipokuwa shikamoo iliyolitangulia.

Anyesi alingoja wakili aendelee, ataje tusi, ataje kisu, ataje chochote. Wakili akakunja karatasi.

"Mheshimiwa," akasema, "hatutapinga dhamana iwapo mshtakiwa atamtaja mtumishi wa mahakama tunayeamini kwamba alimpa taarifa."

Kwenye meza ya karani, kalamu ya Generosa ilisimama.

Anyesi aliyakaza macho ukutani, kwenye saa, akihofia yasije yakataja yenyewe. Usiku kucha alikuwa amejiandaa kuitetea habari yake. Hakujua kwamba angetakiwa kumuuza mtu.

"Mshtakiwa, umesikia?"

"Nimesikia, mheshimiwa. Jina silitaji."

"Unaelewa kwamba utarudi mahabusu?"

Alishika ukingo wa kizimba. "Naelewa."

"Jamani!" Mama Mwantum alipaza sauti kutoka benchi la nyuma. "Mtoto kauliza tu! Kuuliza tu!"

Askari akamwamuru akae. Dhamana ikakataliwa.

"Karani, andika tarehe ya kesi kutajwa tena."

Generosa akainama, akaandika. Anyesi alipitishwa mbele ya meza yake akiwa na pingu mikononi, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha Generosa akasimama kuita kesi inayofuata, kama kazi yake ilivyomtaka, lakini sauti ilimkatika kabla hajafika mwisho wa jina.