Makame wa Ndege, Makame wa Chokaa

Inanijia Ijumaa moja, mwanangu, tumesimama kiwanjani Wingwi na ndege zetu mikononi, tunamngoja mtu asiyetokea. Upepo ulikuwa mzuri, wa kuinua bila kusukuma, na mafuta ya injini tulikuwa nayo. Lakini hatukurusha. Tulikaa tukiitazama njia ya Micheweni mpaka vijana wa mpira wakaja kudai kiwanja chao, tukafunga virago tukaondoka.

Nikueleze kwanza hizo ndege, maana nyinyi wa leo mnazinunua tayari ndani ya boksi. Zetu tulizijenga wenyewe kwa vijiti vya makuti ya mwale, vile vyepesi ambavyo mtu hahisi kama ameshika kitu, tukazivika karatasi nyembamba na kuipaka gundi mpaka ikakaza. Injini zilikuwa ndogo za kutoshea kiganjani. Zilitoka Maskati kwa ami yake mwenzetu Nassor, pamoja na rimoti zenye antena ndefu. Ndege ikipaa, mbuzi walikimbia, na watu wazima waliokuwa wakipita na baiskeli zao walishuka na kusimama wakajifanya wanakagua mnyororo. Tulikuwa tukicheza, sikufichi. Ila mchezo ule ndio uliotufanya tuingoje Ijumaa kuanzia Jumamosi.

Tulikuwa wanne. Nassor alitoka Wete, kijana mrefu wa jamaa zenye asili ya Oman, ambao zamani mashamba ya karafuu yalikuwa yao. Bi Rukia alitoka Konde. Alitupita kwa umri, mjane, na ndege ya kwanza aliyoirusha ilijengwa na marehemu mumewe. Mimi nilitoka Chake Chake, na ndimi niliyekuwa mdogo wao. Na wa nne ni huyo tuliyekuwa tukimngoja, Makame, wa upande wa Micheweni, mtu mpole wa maneno machache. Katika kurusha sote tulikuwa wanafunzi wake. Ndege yake ilikuwa ikitua kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia.

Sasa sikiliza. Nassor alikuwa ametuwekea sharti moja tangu mwanzo: kazi zetu tuziache nyumbani. Alisema mtu akishajua huyu ni bosi na yule ni kibarua, mazungumzo hubadilika, na hata kicheko hubadilika. Sote tulilipenda sharti hilo, na mimi nililipenda kuliko wote. Utaniuliza, kisiwa kidogo namna hii, watu wasijue kazi za wenzao? Tulitoka pande nne tofauti, na aliyesikia neno juu ya mwenzake alilimeza kwa ajili ya lile sharti. Tukaenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Nilimjua Makame kwa jinsi anavyokaza macho ndege ikielekea juani, na nilijua anapenda gundi iwe nyepesi kiasi gani. Jina la baba yake sikulijua.

Ijumaa ile ikapita hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Simu za mkononi hazikuwapo miaka hiyo, kwa hiyo hakukuwa na namba ya kupiga. Bi Rukia akasema, "Mie roho yangu haitulii. Kesho twende tukamtafute."

Asubuhi yake nilifika Konde kwa miguu ya kuchoka na baiskeli iliyopasuka mpira, nikamkuta Bi Rukia barabarani. Nassor akatokea na gari. Nilitarajia gari la kifahari, kwa vile nilivyomdhania. Kumbe lilikuwa gari la mikate, lina rafu za mbao nyuma na harufu ya mkate inakutangulia. Akatufungulia mlango. Tukapanda.

Micheweni tulisimama kwenye duka moja la njiani. Mwenye duka, Mzee Faki, alimwona Nassor akacheka. "Leo umechelewa, mikate ya watu iko wapi?" Nassor akajibu kwamba leo hakuja kwa mikate, amekuja kumtafuta rafiki yake anayeitwa Makame.

"Makame yupi?" akauliza Mzee Faki. "Hapa ukiita Makame watageuka nusu ya msikiti. Anafanya kazi gani?"

Tukatazamana. Nimepata aibu nyingi katika maisha yangu, mwanangu, lakini ile ya kusimama mbele ya duka huku hatujui rafiki yetu anafanya kazi gani, hiyo haijanitoka. Nassor akajaribu. Mrefu wa wastani, mpole, anarusha ndege. Mzee Faki akamtazama kama aliyesikia vibaya. Bi Rukia akasema ana kovu mkononi. Mzee akasema wavuvi wote wana makovu.

Mimi nilikuwa na neno, nikalishikilia. Kulitoa ilibidi niseme nimelijuaje, na kazi yangu niliionea haya. Kuna wakati nilikuwa namwona Makame anavua viatu ili arushe ndege, nikaona nyuzi zake zimeungua na soli imeliwa ikabaki nyeupe. Mtu wa kawaida hatazami viatu vya mwenziwe namna hiyo. Nikamtazama Bi Rukia, nikaona uso wake umesinyaa kwa wasiwasi, basi nikasema.

"Mie ni fundi viatu, nakaa sokoni Chake. Viatu vya Makame vimeliwa na chokaa. Si ya kupaka ukuta, ni ya motoni. Nimevishona vya namna ile, navijua."

Mzee Faki akapiga paja. "Basi huyo ni Makame wa tanuri. Mjukuu wa Bi Time. Maskini, hamkusikia yaliyompata?"

Akatuambia. Makame alikuwa akichoma mawe ya pwani kuwa chokaa, kazi aliyorithi kwa babu yake. Siku moja alipokuwa akiizima chokaa kwa maji, ikachemka ikamrukia machoni. Tangu hapo hajatoka nje.

Nyumba ya Bi Time haikuwa mbali na tanuri. Tulipiga hodi, tukaitikiwa, tukamwamkia bibi mmoja mdogo wa umbo, mwenye sauti isiyolingana na umbo lake. Makame tulimkuta chumba cha ndani, amekaa kitandani, ameuelekea ukuta, amejifunga kitambaa machoni. Alipotusikia sauti aliinamisha kichwa.

"Mmenijuaje hapa?" akauliza.

"Tumeuliza," akasema Nassor.

"Mngepumzika. Mie nyinyi mlinijua kwa ndege. Ndege siwezi tena."

Bi Time ndiye aliyesema, amesimama mlangoni na upande wa kanga mkononi. "Kila Ijumaa huyu hufua shati lake ndipo aje kwenu. Akirudi anacheka peke yake. Mie nikajua ana ndugu huko. Yalipompata haya nikamwambia, nitume mtu akawaite. Akaniambia, bibi, wale hawajui hata nachoma chokaa. Nimestaajabu mpaka leo. Mtu mnakaa naye mwaka, hamjamuuliza riziki yake inatoka wapi?"

Nassor akajibu kwa sauti ya chini, "Bi mkubwa, tulimstahi. Hatukutaka mtu ajione mdogo."

"Heshima hiyo mie siijui," akasema Bi Time. "Angekuwa na mtu wa kumuuliza, angekuwa kashafika hospitali."

Hakukasirika alivyosema hivyo, na kwa hilo neno lake lilituingia zaidi. Kisha Bi Rukia akaniomba nifungue dirisha, akavua ushungi wa juu akaukunja kando, akamwendea Makame.

"Mie ni nesi, mwanangu," akasema. "Kituo cha afya cha Konde, miaka mingi. Nipe ruhusa nione."

Akakifungua kitambaa taratibu. Mimi nilitazama nje. Nilimsikia akimuuliza Bi Time alifanya nini siku ile, na Bi Time akasema alimmwagia maji machoni, mtungi baada ya mtungi, mpaka majirani wakadhani anamwogesha. Bi Rukia akamwambia, "Basi maji yako hayo ndiyo yaliyomlinda. Lakini hizi dawa za majani mlizomfungia tuziache. Twende Chake sasa hivi."

Makame hakutaka. Alisema hana la kumfanya mtu ahangaike. Nassor akamshika bega. "Gari langu ni la mikate, limenukia mikate miaka yote, nawe siku zote ulikuwa ukiniuliza mbona nanukia mkate, nami nikakudanganya. Watu wakisikia jina la babu yangu hudhani nina mashamba. Sina hata mkarafuu mmoja. Panda, Makame." Nilimwona Makame anatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, chini ya kitambaa safi alichofungwa na Bi Rukia.

Njia ya kuelekea Chake wakati huo ilikuwa mbovu, na Bi Rukia alimpakata kichwa ili kisigonge rafu. Mimi nilikaa chini na Bi Time, nikimshikia mkoba. Hospitali daktari wa macho alimchukua, akakaa naye muda mrefu. Alipotoka alituambia, "Mmemchelewesha, lakini hamkuchelewa kabisa." Tuliishi na maneno hayo siku zote alizolazwa. Nassor alikuwa akipitia asubuhi na mkate wa moto. Mimi soko liko karibu, nilikuwa nikifunga meza yangu adhuhuri nikaenda kukaa naye, na hapo ndipo tulipozungumza mambo ya watu: kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, kwamba tanuri linataka mtu wa kukesha, kwamba aliwahi kuposa akakataliwa kwa sababu ya kazi ile. Haya yote yalikuwapo kila Ijumaa. Yalikuwa yamesimama nasi pale kiwanjani.

Siku ya kufunguliwa macho tulikuwepo sote. Nesi akakata bandeji, akamfuta, akamwambia afumbue polepole. Akafumbua. Akapepesa. Bi Time akaanza kusoma dua kwa sauti ya ndani. Makame akageuza uso, akamtazama Nassor kuanzia juu mpaka chini.

"Nassor," akasema, "kanzu yako ina doa la mafuta."

Bi Rukia akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine, akalia akicheka. Jicho la kulia lilirudi lote. La kushoto lilibaki na ukungu mpaka leo, na mpaka leo anarusha. Chokaa anachoma bado, ila huvaa miwani mikubwa ya kazi ambayo Bi Rukia alimtafutia, na nimemshonea mabuti kwa mkono wangu. Bi Rukia ametutangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Nassor ana wajukuu.

Mwanangu, nakuona Ijumaa pale kiwanjani na wenzako. Mna simu, mna kundi lenu la kutumiana picha za ndege zenu, mnataniana mpaka usiku. Ni vizuri. Lakini nilipokuuliza juzi yule mwenzenu mwembamba hufanya kazi gani, ulisema, "Sijui babu, hatuulizani." Ndiyo maana nimekukalisha hapa. Muulize. Usimuulize kwa kumpima, muulize kama unavyouliza hali ya mtu unayemtaka. Umuulize ameamkaje, kazi yake inamchosha wapi, nani yuko nyumbani kwake. Nawe ukiulizwa, sema kazi yako bila kuinamisha uso, iwe ya ofisini au ya kuchimba. Usingoje mpaka usimame mbele ya duka la mtu unatafuta rafiki usiyejua pa kumtafutia.

Nenda, mwanangu. Mola akuhifadhie macho yako na mikono yako, akupe kazi ya halali isiyokudhalilisha, akuzungushie watu watakaogundua haraka siku ambayo hukutokea. Amina.