Maharagwe Yanayokinzana na Jino

Wifi yangu hana jina jikoni. Wote humwita Moto Mdogo, kwa sababu miaka kumi na tisa ameyapika maharagwe meupe kwa moto wa chini, na anayethubutu kuuongeza hupigwa mwiko mkononi. Mimi naosha vyombo nyuma yake. Ni yeye aliyenitafutia kazi hii, na hunikumbusha kila ninapovunja sahani.

Alifundishwa na mzee wa Kiitaliano aliyefungua mgahawa wetu. Maharagwe yalowekwe tangu jana, yachemke polepole na kitunguu saumu na jani la kunukia, chumvi ije mwishoni, na yasiepuliwe mpaka moja liwekwe ulimini lisagike bila msaada wa jino. Hapo ndipo yamwagiwe mafuta ya zeituni na kupakwa juu ya mkate uliochomwa, au yatiwe makaroni yawe supu. Kaka yangu alipofariki, wifi alirudi kwenye jiko lile siku ya tano. Aliniambia nyumbani hakuna kinachomngoja, lakini jikoni kuna sufuria. Nilimpenda zaidi tangu siku hiyo.

Mzee akachoka, akarudi kwao. Mgahawa ukapata mwenyewe mpya, nasi tukaletewa meneja, kijana nadhifu ambaye viatu vyake havijawahi kuonja maji ya vyombo. Akapelekwa mafunzo ya upishi wa Kiitaliano kwa wiki mbili, akarudi na cheti chenye fremu, akakitundika juu ya friji. Pamoja na cheti alirudi na fundisho moja: chakula cha Kiitaliano lazima kikinzane na jino, yaani kibaki kigumu kidogo. Nadhani waliambiwa hivyo siku ya makaroni, na siku ya maharagwe mwenzetu alikuwa anapiga picha. Amri ikatoka kwamba maharagwe yapikwe dakika ishirini na tano, basi. Wifi alipojaribu kumweleza, alijibiwa kwa ule upole wa waliosoma kwamba enzi za kupika kwa mazoea zimepita. Debe tupu haliachi kuvuma.

Wiki ile niliona mambo. Mteja anaweza kumdanganya mhudumu, lakini sahani yake huja kwangu. Bwana mmoja aliyevaa tai aliutangazia ukumbi mzima kuwa sasa tumefika, hiki ndicho Kiitaliano chenyewe, huku akitafuna kama mtu aliyekutana na kokoto. Sahani yake ilipofika kwangu, maharagwe kumi na saba yalikuwa yamelazwa chini ya jani la saladi. Wengine waliyafunga kwenye leso za karatasi. Bibie mmoja aliyazika kwenye chungu cha maua karibu na mlango, nami kila asubuhi nilipita kutazama kama yamechipua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana mshamba. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kilichoniuma ni wifi. Alikuwa akiepua sufuria bila kuitazama, na wakati wa chakula chetu alikula mkate mtupu.

Jumamosi meneja alitukusanya. Kesho mchana mwenye mgahawa angekuja kuonja, na meneja angemleta pia mama yake mzazi, aone mwanawe alipofika. Kisha akamgeukia wifi mbele yetu sote. Maharagwe yakitoka laini, Jumatatu anaacha jiko, anahamia kufua vitambaa vya meza.

Jumapili asubuhi niliyakuta maharagwe yamevimba, sufuria inanong'ona juu ya moto wa chini kabisa. Nilimwambia auzime mapema, asijitafutie balaa.

"Wifi, mama wa mtu anakuja kula," alisema. "Simpi maharagwe mabichi. Hivyo vitambaa nitavifua."

Tulichungulia kupitia dirisha la kutolea chakula. Meneja alihutubia kuhusu jino kwa muda mrefu. Mama yake alimsikiliza kwa heshima, akavua meno yake ya bandia, akayatia kwenye mkoba, akaanza kula. Mwenye mgahawa naye akala, akafuta sahani kwa mkate, akaomba nyingine. Meneja akaonja mara moja, akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, haya sasa ndiyo maharagwe," mama yake alisema. "Yale uliyonipikia nyumbani niliwapa kuku."

Mwenye mgahawa alicheka, kisha akauliza imekuwaje. Meneja alitazama dirishani, akamwona wifi. Ukweli ulikuwa pale, mwepesi kuusema. Akatabasamu.

"Hii ni mbinu ya wiki ya pili," alisema. "Mimi mwenyewe nilimfundisha huyu mpishi."

Nilishika sahani, na safari hiyo isingevunjika kwa bahati mbaya. Wifi akanishika mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka.

"Mwache," aliniambia. "Jiko limebaki."

Wiki iliyofuata kulikuwa na semina. Wifi alikaa kwenye kiti siku nzima akifundishwa kuloweka maharagwe na meneja, aliyetia chumvi kwanza. Jioni alipewa cheti kwamba amehitimu kupika maharagwe meupe, daraja la wastani, sahihi ya meneja chini. Tukapiga makofi.

Majuzi meneja alimuuliza mbona hakitundiki, au hakithamini. Wifi alimjibu kwa adabu kwamba anakitumia kila siku. Hakudanganya. Kila anapoloweka maharagwe, hukilaza juu ya beseni. Ni karatasi ngumu, haipitishi vumbi.