Kona ya Dirisha la Mawe

Mhandisi wetu alikuwa ameshaamua nusu: madarasa mapya ya mtaa wa Katindo yangejengwa kwa bloki za simenti. Nusu iliyobaki aliniachia mimi, mchoraji wake, hadi Jumanne.

"Kama unataka mawe ya volkano, unionyeshe kona ya dirisha, vile mawe inashikana. Mardi. Bila ile, tunaweka bloki."

Nilitaka mawe kwa sababu isiyo ya kitaalamu hata kidogo. Baba yangu ni fundi wa mawe, na tangu watu wapende bloki alikuwa anashinda nyumbani akigombana na redio. Kazi ile ingemrudisha juu ya ukuta.

Programu yetu ya kuchorea majengo ina matofali ya kila taifa. Jiwe letu jeusi lenye matundu, ambalo mji mzima umelikalia, programu haina. Ina picha yake tu, ya kubandika ukutani kama kalenda. Nilikasirika, na mimi nikikasirika hufanya kazi vizuri. Nikaunda jiwe langu, sentimita tisini kwa arobaini, kingo safi, nikalinakili kuzunguka dirisha zima. Jumapili nikampelekea baba kompyuta, kichwa juu.

Aligusa jiwe moja kwenye skrini.

"Hii jiwe, nani ataibeba?"

"Papa, ni mufano tu."

"Mufano ya nini? Jiwe moja, mutu moja. Kama inaomba watu wawili, kazi inasimama. Na wewe umeweka makumi mbili!"

Niliona aibu. Miaka yote ya kuchora, sikujua kwamba ukubwa wa jiwe hupimwa kwa bega la fundi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukaenda uani kwenye rundo lake la mawe, nikapima kila aliloweza kunyanyua bila kuguna. Akanionyesha kwamba pembeni mwa dirisha jiwe refu hufuatwa na fupi, ili kona isifunguke.

Nikafuta kila kitu. Nikaunda jiwe linalobadilika urefu, kimo na kina, lisilozidi kamwe nguvu za mtu mmoja. Mara tatu kona ikaachana kwenye skrini, mara tatu nikaanza upya. Sikuwa tayari kushindwa na mashine ambayo haijawahi kugusa jiwe.

Jumanne mhandisi aliizungusha kona ile, akaivuta karibu, akafuata mawe kwa kidole mpaka juu.

"Bon. Tunajenga na mawe. Lakini fundi wa kukata hivi tutamutoa wapi? Unamujua mumoja?"

Wenzangu wa ofisini waligeuka kunisikiliza. Kwa miaka mitatu, kila walipouliza kazi ya baba yangu, niliwaambia ni mfanyabiashara.

"Namujua," nikasema. "Ni papa yangu."