Kodi Chini ya Kopo la Sukari

Aber alikuwa na vyumba viwili, jiko la nje na choo chenye mlango unaofungika, na katika Luzira yote, huko Kampala, hakuna mtu ambaye angemshawishi kwamba kuna ikulu iliyozidi hapo. Kasoro ilikuwa moja tu: havikuwa vyake. Vilikuwa vya baba yake mdogo, Sajini mstaafu Ocaya, aliyevijenga kwa kiinua mgongo chake nyuma ya nyumba yake mwenyewe, huku akimsimamia fundi kwa sauti ya gwaride mpaka maskini fundi akazoea kupiga saluti kabla ya kushika mwiko.

Aber naye alikuwa askari, ingawa usimwazie mabomu na vifaru. Kazi yake ilikuwa kukagua mikoba langoni, kwenye makao ya idara yake huko Nakasero. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameona ndani ya mikoba ya wakubwa mambo ambayo hakumwambia mtu: soksi moja, barua za mapenzi, na siku moja kuku mzima, tena hai. Kwa kuwa vyumba vya kambini havitoshi, idara iliwapa wanaopanga nje posho ya nyumba. Posho ililipa kodi, na hivyo sehemu ya mshahara ikaweza kuwekwa pembeni kila mwezi. Hata binti yake Aol, mwenye miaka tisa, alijua pesa hiyo ni ya nini. Mama anataka kuvinunua vyumba hivi, siku moja wapigilie msumari ukutani bila kumwomba mtu ruhusa.

Kupanga kwa ndugu hakukukatazwa, mradi kodi ilipwe kweli, na Aber alikwisha kuandika kwenye fomu, wazi kabisa, kwamba mwenye nyumba ni mdogo wa baba yake. Kodi pia ililipwa kweli. Shida ilikuwa namna ilivyolipwa.

Mwezi wa kwanza alipompelekea Ocaya bahasha, mzee aliificha mikono mgongoni.

"Mimi hapana chukua pesa ya mtoto," alisema. "Wewe damu ya kaka yangu Obita. Watu ya nyumbani wakisikia, mimi naficha uso wapi?"

Maneno mazuri, lakini mzee alihitaji pesa na kila mtu alijua, yeye wa kwanza. Aliyelipatia jambo hilo njia ni mkewe Zulaikha, Mnubi wa Bombo mwenye akili zake timamu. Alikutana na Ocaya kambini zamani, yeye na Kinubi chake, Ocaya na Kiacholi chake, wakaoana kwa Kiswahili na kulea watoto kwa Kiswahili, Aber akiwa mmoja wao baada ya Obita kufariki. Zulaikha alimwambia Aber aweke bahasha chini ya kopo la sukari jikoni kwake kila tarehe mosi, kisha anyamaze. Tarehe mbili Ocaya angeketi na chai yake, atazame ukuta, aseme, "Sukari ya mwezi huu nzuri." Basi, kodi imepokelewa. Kwa miaka mitatu mfululizo sukari ilikuwa nzuri.

Kuhusu kuuza, hapo mzee alijifunga mwenyewe kwa kamba yake. Alitaka kurudi kaskazini akalime ufuta na kujenga huko, na pesa ya kujengea ingetoka kwenye vile vyumba viwili. Kumpa Aber bure hakuweza, ana watoto wengine na mifuko mitupu. Kumuuzia Aber hakuweza pia, kwa sababu mtu hamuuzii mtoto wake nyumba. Kwa hiyo katika ulimwengu mzima, mtu pekee ambaye asingeweza kuvinunua vyumba hivyo ni yule aliyevipenda. Mchuuzi mmoja wa samaki kutoka Ggaba alikwisha kuja mara mbili na futi ya kupimia, na kila alipoivuta futi yake Aber alijisikia kama anapimwa yeye.

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Aber alikuwa zamu, Zulaikha alikuwa Bombo kwenye arusi, na karani wa posho aitwaye Khisa akafika Luzira na fomu zake. Kila mwaka idara humtuma karani kuhakikisha kwamba wapangaji ni wapangaji. Zulaikha alijua la kumjibu. Ocaya hakuandaliwa, maana utamwandaaje mtu aseme jambo ambalo rasmi halijui?

Ocaya alipenda wageni kuliko mshahara. Alimkalisha Khisa kivulini, akamletea viazi vitamu na odi, ule ufuta wa kusaga na karanga ambao Waacholi hawakosi kumwandalia mgeni. Khisa alikula mpaka akalegeza mkanda. Kisha akatoa kalamu.

"Sasa mzee, huyu mpangaji wako Aber, anakulipa kodi?"

Ocaya aliweka kikombe chini. "Mpangaji? Nani mpangaji? Huyo mtoto yangu. Mimi nalala na njaa kabla ya kula shilingi yake. Andika hiyo."

Khisa aliandika. Mzee akaomba asomewe, akaridhika, akatia sahihi yake pamoja na cheo.

Jioni Aber alimkuta amechangamka. "Leo nilikutetea," alimwambia. "Kijana mmoja alikuja kukuita mpangaji. Nilimnyoosha."

Aber aliketi palepale kwenye ngazi na gwanda zake. Aliogopa, hakuna neno lingine. Jumanne barua ilifika: posho itasimama, isipokuwa mwenye nyumba afike mwenyewe ofisini ndani ya siku saba na kueleza kwa kinywa chake. Bila posho, kodi ingekula akiba, na akiba ikiliwa, futi ya mchuuzi ingerudi na mwenyewe akiwa na ufunguo. Alilia kidogo nyuma ya jiko, akanawa uso, akaenda kumweleza Zulaikha, aliyekuwa amerudi na hina bado imekolea mikononi.

Zulaikha hakupandisha sauti. "Ocaya, miaka mitatu hii, dawa yako ya presha ulifikiri mimi napata wapi pesa yake?"

"Mimi sikuuliza."

"Hukuuliza kwa sababu ulijua."

Mzee alitazama ukuta wake. "Niende ofisini, mbele ya watu, niseme nakula kodi ya mtoto wa Obita? Siku tukikutana ahera, kaka yangu ataniuliza nini?"

"Atakuuliza kwa nini mtoto wake alikosa nyumba."

Ocaya aliinuka akaenda kuangalia kuku wake, ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Siku sita alishinda kwa kuku wake. Aber hakumsukuma. Alimjua. Ukimsukuma Ocaya anapiga mizizi. Siku ya saba aliamka, akavaa gwanda, akaenda kazini kama kawaida na moyo mzito kama gunia la mkaa lililonyeshewa.

Saa nne hivi, foleni ya langoni ilikuwa imefika barabarani. Aber alivuta mkoba uliofuata bila kuinua kichwa. Ulikuwa mkoba wa turubai la kijani, wa jeshi, umeshonwa kwa uzi mweusi pembeni, na uzi huo ni yeye aliyeushona akiwa na miaka kumi na mitatu. Akainua macho. Ocaya alikuwa amesimama wima ndani ya koti lake la sherehe, medali mbili kifuani, kofia kwapani.

"Kagua, Afande," alisema.

"Baba, pita tu."

"Kagua. Sheria ni sheria."

Alikagua. Ndani mlikuwa na kitabu cha pensheni, miwani, na furushi la bahasha tupu zilizofungwa kwa kamba ya kiatu. Alizihesabu kwa macho tu, hakuwa na haja ya zaidi. Kwenye kila moja kulikuwa na mwezi na mwaka kwa mwandiko wa Aber mwenyewe, na kila moja ilikunjuliwa na kunyooshwa vizuri. Mzee alikuwa akizitoa kwenye taka za Zulaikha na kuzitunza kwenye sanduku la karatasi zake za jeshi.

"Pesa tulikula," Ocaya alisema taratibu. "Lakini karatasi, askari hapana tupa karatasi."

Aber aliomba mwenzake amshikie lango, akapanda naye ghorofani. Khisa alipomwona mzee alisimama, pengine kwa medali, pengine kwa kukumbuka viazi. Ocaya hakuketi. Alimwaga bahasha mezani, akajiweka sawa, akatazama mbele.

"Mimi mwenye nyumba," alisema. Ilimchukua pumzi nyingine kupata yaliyobaki. "Huyu mpangaji yangu. Kila mwezi analipa, na mimi nakula. Siku ile nilisema uongo, kwa sababu ya aibu. Sasa andika hiyo."

Makarani wawili waliokuwa mle ndani waligeuka kumtazama. Shingo ya mzee ilitoka jasho. Aber alitamani kumshika mkono, lakini gwanda zilimzuia, akasimama tu naye wima, ubavu kwa ubavu.

Khisa alipanga bahasha kwa miezi. Hakuna uliokosekana. "Haya, mzee," alisema hatimaye, akagonga muhuri. "Posho inaendelea. Ila kuanzia leo mpe risiti."

Pale alikosea Khisa, kwa maana alimfungulia Ocaya cheo kipya. Mzee alinunua kitabu cha risiti siku ileile. Wiki nzima aliishi kama mwenye nyumba aliyechelewa kuanza: alibisha hodi kuuliza nani amepigilia msumari, akakagua mfereji wa maji machafu, akamwonya Aol juu ya kuruka kamba chini ya dirisha. Aber alivumilia, Zulaikha akacheka mpaka akajishika mbavu.

Jumapili alibisha tena. Safari hii alikuwa amevaa lile koti la sherehe.

"Mpangaji," alisema, "mimi nauza hii nyumba. Mchuuzi wa Ggaba ametoa bei. Lakini mpangaji aliye ndani lazima aulizwe kwanza. Ndivyo watu wanafanya."

Aber alimtazama sana. "Baba, si ulisema mtu hamuuzii mtoto wake?"

"Mtoto, hapana. Kwani mimi nazungumza na mtoto?" Akatazama ukuta. "Mtoto yangu yuko kazini. Mimi nazungumza na mpangaji."

Aber alitaka kucheka na machozi yakamtangulia. Alikubali bei ileile ya mchuuzi, bila kupunguziwa hata senti, maana angepunguziwa mauzo yangeharibika. Mwenyekiti wa mtaa alitia muhuri, Zulaikha akapika, na Aol alipewa nyundo na msumari mmoja, akaupigilia katikati kabisa ya ukuta wa sebule bila kuwa na kitu cha kutundika.

Mwezi wa pili baada ya hapo Ocaya na Zulaikha walihamia kaskazini, nyumba kubwa wakaipangisha kwa walimu wawili. Mvua zilipokwisha, mzee alirudi Kampala kwa daktari wake wa presha, na nusu gunia la ufuta begani. Alilala kwa Aber wiki mbili, akamsifia mfereji. Hawakuzungumza habari ya malipo, maana nani angemtoza baba yake kitanda?

Asubuhi aliyoondoka, Aber alirudi kutoka kumsindikiza, akabandika maji ya chai, akanyanyua kopo la sukari. Chini yake kulikuwa na bahasha. Juu, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika jeshini, palikuwa na mwezi na mwaka.

Alishika simu kumpigia, amwambie arudi achukue pesa yake. Akaiweka chini. Alimimina chai, akamwita Aol mezani, akanywa funda moja huku akitazama ukuta.

"Sukari ya mwezi huu," alisema, "nzuri."