Eda ya Herufi Moja

Niliwahi kukaa eda ya talaka ambayo mume wangu hakuitoa. Nalisema mapema ili msomaji asianze kunihurumia, maana huruma nilishapewa ya kutosha na nyingine bado iko ndani haijaguswa.

Tunaishi juu ya Lushoto, upande wa kuelekea Gare. Tunalima karoti na kabichi. Mume wangu ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, kwa hiyo msimu wa mavuno ukifika anateremka Magoma na kukaa huko miezi miwili, mitatu. Mimi nabaki na mama yake, karoti, na simu. Simu kwetu inashika mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililo nyuma ya choo cha mama mkwe. Mwenye siri za ndoa anakwenda kuzisemea hapo, analoweshwa na ukungu, na mama mkwe akiwa na haja anasikia zote.

Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, simu iliita nikapanda jiweni mbio.

"Sikiliza, mke wangu," alisema mume wangu, "nina haraka, gari linaondoka. Nimekuach…"

Mtandao ukakata.

Sikupiga tena. Mwanamke aliyeachwa hapigi simu kuomba arudiwe sentensi. Niliteremka kutoka jiweni nikiwa nimeachika, nikaenda kuinjika maharage.

Msomaji atauliza niliaminije haraka hivyo. Wakati huo ndoa yetu ilikuwa na miaka kumi na moja na haikuwa na mtoto. Huku kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina hilo hakuna wa kumnyang'anya. Mimi naitwa mke wa fundi, jina linalodumu kwa kadiri fundi atakavyopenda. Majirani walikuwa wanaisubiri talaka yangu kwa uvumilivu mkubwa, na shangazi zake wawili walishaanza kuchoka kusubiri. Kwa hiyo neno lilipokuja halikumkuta mtu hajajiandaa, hata mimi mwenyewe.

Mama mkwe ndiye pekee aliyebisha. Kesho yake asubuhi alichukua simu yangu, akapanda jiweni na fimbo yake ili amsikie mwanawe kwa masikio yake. Aliteremka analia.

"Nimemuuliza kama kweli amekuacha," akaniambia. "Kasema ndiyo. Mtoto niliyemzaa mwenyewe."

Akapiga marufuku mtu yeyote wa nyumba ile kumpigia tena. Hata hivyo hapakuwa na haja ya marufuku, kwa sababu kuanzia Jumapili simu yake haikupatikana. Sisi tuliichukua hiyo kuwa ni aibu yake.

Nikaenda kwa shehe. Shehe wetu ni mtu mzima, mpole, anayesikiliza huku anachambua mbegu za mahoho kwenye ungo.

"Alitamka nini hasa?" akaniuliza.

"Nimekuacha."

"Neno hilohilo?"

"Hilohilo, shehe."

"Mara ngapi?"

"Moja. Kisha mtandao ukakata."

Alifikiri kidogo. "Basi ni moja. Tumshukuru Mungu, na mtandao nao." Kisha akaweka ungo chini akanitazama. "Kama una shaka yoyote kuhusu ulichosikia, niambie sasa hivi. Ndoa ni jambo la yakini, haivunjwi kwa shaka."

"Sina shaka," nikasema.

Basi akanieleza vizuri. Talaka moja ina marejeo. Nitakaa nyumbani kwa mume wangu, nitahesabu twahara tatu, na kabla hazijaisha anaweza kunirejea wakati wowote. Nisitoke bila idhini yake. Yaani nilihitaji idhini ya mtu aliyeniacha, asiyepatikana kwenye simu, ili niende kununua chumvi. Mama mkwe, ambaye karoti zake zilikuwa zimeshazidiwa na majani, alitoa fatwa yake ndogo palepale kwamba kwenda shambani si kutoka.

Wiki ileile kina mama wa darsa walikuja kunipa pole. Walikuja na kaniki. Wakanikataza wanja, wakanikataza manukato, mmoja akageuza kioo changu kikatazama ukuta. Nikawauliza kama hayo si ya mjane, maana mimi mume wangu alikuwa hai Magoma akila wali. Ustadha wetu akanijibu kwamba kuzidisha heshima hakumdhuru mtu.

Ustadha huyu alisoma Tanga miaka miwili akarudi na nikabu na majibu. Sina ugomvi na nikabu. Wala sina ugomvi na dini yangu, naomba lieleweke, maana dini iliniambia nisubiri tu. Kaniki na kioo viliongezwa na majirani. Ugomvi wangu ulikuwa na yale majibu, ambayo yalikuwa yanatangulia kufika kabla ya maswali.

Alhamisi iliyofuata somo la darsa lilikuwa sababu zinazowafanya wanawake waachwe. Hakunitaja. Alinitazama tu mwanzo hadi mwisho, kwa upendo. Sababu ya kwanza ni sauti: mwanamke anayesikika hadi ng'ambo ya bonde anapoita mbuzi. Mimi ndiye mwenye mbuzi ng'ambo ya bonde. Sababu ya pili ni kucheka na wanunuzi wa mboga, kana kwamba kuna mtu aliyewahi kuuza kabichi kwa kununa. Sababu ya tatu ni kujifananisha na wanaume katika mavazi.

"Mwanamke anashinda na gambuti miguuni," akasema, "sasa mume atamtofautisha vipi na kibarua?"

Vichwa vyote viligeukia mlangoni. Gambuti zangu zilikuwa zimesimama pale peke yake katikati ya makubazi, nyeusi, ya kushoto imepasuka kisigino na nimeifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi. Nikataka kuuliza kama bi Ustadha amewahi kupalilia karoti kwa makubazi mwezi wa mvua, lakini mwanamke wa eda hatakiwi kusikika ng'ambo ya bonde.

La mtoto halikutajwa kabisa. Lilikaa katikati ya mkeka pamoja na sahani ya maandazi, na kila mtu akalikwepa kwa adabu.

Naomba niseme kidogo bila utani. Zile wiki nililia sana. Nililia shambani, nimeinama, kwa sababu ukiinama kwenye karoti hakuna anayejua unafanya nini. Maji yalikuwa yanaingia kwenye gambuti ya kushoto, nami nikawa nalia na mguu umelowa, na nilikuwa namchukia mume wangu na kumtamani arudi kwa wakati mmoja. Nilipokaa kwenye mswala sikujua niombe nini. Kumwomba Mungu anirudishie mume niliona aibu, kama vile namdai.

Wiki ya saba karoti zilikuwa tayari kushuka Mombo, na shemeji yangu ambaye huzipeleka alikuwa amelala na homa. Mama mkwe akaenda kwa shehe mwenyewe. Alirudi akasimama mlangoni.

"Shehe kasema dharura inaruhusu," akaniambia. "Vaa."

Hivyo ndivyo nilivyotoka edani, nimekaa mbele kwenye Fuso la mboga, na ile kaniki, tukashuka kona zote hadi kwenye joto. Mizigo ilipokwisha kupokelewa nikatafuta chai. Pale magari ya mboga yanapoegesha kuna mama mmoja ana kibanda, wote wanaoshuka kutoka milimani wanakunywa kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si mke wa fundi wa mashine?"

Swali lilikuwa gumu kuliko alivyojua. "Nadhani," nikamjibu.

"Unadhani? Basi dhani haraka uchukue mzigo wako. Wiki ya saba hii unanibania kibanda."

Akavuta kiroba kutoka chini ya benchi, kimefungwa kwa kamba ya katani. Nikamwambia simjui aliyekiacha.

"Kaacha mumeo. Alikuja hapa Ijumaa kuchukua mkanda wa mashine. Kakupigia simu papo hapo nimesimama, nikamsikia akikwambia: Nimekuachia gambuti kwa mama wa chai, zile za zamani zinaingiza maji, utume mtu au uje mwenyewe. Kaongea weee, mpaka gari likampigia honi. Anapenda kuongea yule bwana."

Nikakaa kwenye benchi. Chai ililetwa, ikapoa. Nilikuwa nayarudia yale maneno mawili kimoyomoyo kama mtoto wa chekechea. Nimekuacha. Nimekuachia. Yanatofautiana kwa herufi moja tu, ile nyembamba kuliko zote. Na mtandao haukuniibia hata hiyo herufi peke yake. Mtandao ulikatika kabla, kwenye ch. Ile a niliitia mwenyewe, kisha nikaenda kuitolea ushahidi mbele ya shehe.

Nilifungua kiroba. Gambuti mpya, za kijani, harufu ya duka bado imo. Nilizikumbatia mbele ya wapakizi wa kabichi, na kama kuna aya ya haya inayokataza hilo basi nitaulizwa siku yangu.

Nilipofika nyumbani nilikwenda kwanza kwa mama mkwe. Nikamwekea kiroba mapajani nikamweleza. Aliishika ile gambuti moja, akaigeuza.

"Mama," nikamuuliza, "siku ile alikujibu nini hasa?"

"Alisema ndiyo, mama, nimemwach…" Akaiweka gambuti chini.

"Halafu?"

"Halafu nilikata. Nilikuwa na uchungu, mwanangu."

Shehe alicheka hadi akavua kofia. Akasema hakuna talaka, hakuna eda, ndoa haikuguswa hata kidogo. Kisha kicheko kikamwishia.

"Lakini nilikuuliza kama una shaka," akasema.

"Uliniuliza, shehe."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye mbegu zake, akaniuliza kama Mombo joto limepungua. Nadhani alielewa, na namshukuru kwa kutonieleza.

Alhamisi somo la darsa lilikuwa matunda ya subira. Ustadha alinitaja safari hii. Kumbe wakati wote nilikuwa mwanamke mtulivu, mwenye haya, niliyekaa nyumbani kwa mume wangu bila kumsema kwa mtu. Wiki saba nilikuwa mfano wa anayeachwa, ya nane nikawa mfano wa anayesubiri, na sikubadilisha chochote katika mwenendo wangu isipokuwa viatu. Gambuti za kijani zilikuwa zimesimama mlangoni katikati ya makubazi, na hakuna kichwa kilichogeuka.

Mume wangu alirudi wiki mbili baadaye, mchana, na nusu gunia la mchele begani. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, Jumapili ileile, na siku hizi nani anakumbuka namba ya mtu kichwani? Mama yake akamsimulia yote, akianzia na mateso yake mwenyewe. Alicheka sana. Alicheka mpaka akanitazama.

Mama mkwe alipokwenda kuosha mchele, tukabaki wawili kwenye kizingiti.

"Kwa nini hukunipigia tena siku ileile?" akaniuliza. "Jumamosi nilikuwa napatikana. Mama si alinipata."

"Nilijua umemaliza kusema."

"Ulisikia nusu ya neno."

"Nusu, ndiyo."

"Na nusu iliyobaki?"

Nikaanza kuokota punje za mchele zilizomwagika. Mimi, ambaye ndani ya wiki zile nilikuwa nimemtungia kila mtu jibu lake: la Ustadha, la shangazi zake, hata lake mwenyewe, marefu na makali, nikiwa nimeinama kwenye karoti.

"Kumbe ulikuwa unanisubiri nikuache," akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ningeweza kubisha.

"Tangu mwaka wa pili," nikamwambia.

Alichokonoa tope kwenye kiatu chake. Nilidhani sasa atalitaja, lile la mtoto, ambalo hata sisi wawili tulikuwa tukilikwepa kwa adabu.

"Zinakutosha?" akauliza.

Nikamwambia zimezidi kidogo. Akasema alichagua kubwa makusudi, ili nivae na soksi, kwa sababu ya baridi ya huku.